Je, Ni Halali Kununua Chombo Kizuri na Kutokitumia?



Tuseme watu wawili wameingia katika duka la mhunzi huko Miki, mji wa Japani uliojulikana tangu zamani kwa wahunzi wa vyombo vya useremala. Mhunzi yule ana patasi mbili zilizo sawasawa, za chuma kimoja na bei moja. Mtu wa kwanza ni seremala. Anainunua patasi yake, anainoa, na tangu siku ile inakata mbao. Baada ya miaka mingi imekuwa fupi kama kidole, na mwisho haifai tena. Mtu wa pili ni mwenye mali anayependa vitu vizuri. Anaiweka patasi yake sandukuni, anaipaka mafuta isishike kutu, na mara kwa mara anaifungua aitazame. Baada ya miaka ileile ni mpya kama siku ya kwanza. Nani katika hao wawili ametenda vema?

Wengi watajibu upesi, wengine hivi na wengine vile. Mimi naomba tusijibu upesi. Patasi haina haki, maana ni kitu tu. Mwenye haki ni mtu. Basi, kama kuna kosa, ni lazima tuonyeshe ni mtu gani aliyekosewa. Tena haifai kuhukumu jambo tusilolijua, kwa hiyo tuanze kwa kuvijua vyombo vyenyewe.

Katika nchi nyingi fundi anasukuma randa na msumeno mbele. Fundi wa Japani anavivuta kuja kwake. Kwa kuwa msumeno wake unakata ukivutwa, bamba lake laweza kuwa jembamba sana bila kupinda, na njia yake ndani ya mbao huwa nyembamba vilevile. Patasi, na chuma cha randa, vinafuliwa kwa vyuma viwili. Sehemu ya makali ni pua, yaani chuma kigumu sana. Sehemu inayobaki ni chuma laini. Mhunzi anaviunganisha kwa moto na nyundo mpaka viwe kitu kimoja. Pua peke yake ingechosha mno kunoa, tena ingevunjika upesi. Chuma laini peke yake kisingeshika makali. Upande wa nyuma mhunzi anachimba kibonde kidogo, ambacho Wajapani wanakiita ura, ili fundi anaponoa asilazimike kusawazisha upande mzima.

Sasa lipo jambo moja ambalo ndilo msingi wa maneno yangu yote. Vyombo hivi, vikifuliwa kwa desturi ya kale, havitoki kwa mhunzi vikiwa tayari kwa kazi. Patasi ya kupigwa nyundo ina pete ya chuma juu ya mpini. Mnunuzi mwenyewe hana budi kuitoa pete ile, kuilainisha ndani kwa tupa, kukigongagonga kichwa cha mpini, na kuirudisha mpaka ikae imara. Randa ina mwili wa mti, mara nyingi mwaloni. Mnunuzi hana budi kuuchonga kidogo kidogo pale chuma kinapoingia, mpaka kikae bila kulegea na bila kubana mno. Kisha asawazishe uso wake wa chini. Na makali yenyewe yanamngoja ayanoe juu ya kinoo. Hata hapo hajamaliza. Miaka inapopita, kile kibonde cha nyuma ya chuma cha randa kinafika ukingoni. Ndipo fundi anapokigonga chuma laini kwa nyundo ndogo, polepole sana, ili pua isukumwe nje, kisha anasawazisha upya. Akigonga vibaya, pua inapasuka.

Mnaona? Mhunzi anafanya sehemu yake, na sehemu ya mwisho anamwachia mnunuzi. Kuuziwa chombo cha namna hii ni kama kukabidhiwa kazi.

Kwa nini basi watu wamevikusanya vyombo hivi na kuviweka? Hapo yatupasa kukumbuka mambo yaliyopita. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilikataza watu kuvaa panga hadharani, isipokuwa askari na wachache wengine. Wafua panga wengi wakakosa riziki, na baadhi yao wakageukia visu, patasi na randa. Anayesifiwa kuliko wote ni Chiyozuru Korehide (1874–1957), mtu wa ukoo wa wafua panga, aliyefua vyombo vya maseremala huko Tokyo. Siku zile vyombo vilikuwa na kazi tele. Uchunguzi uliofanywa Tokyo mwaka 1943 ulionyesha kwamba seremala wa nyumba, ili awe na vyombo kamili, alihitaji 179.

Baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1958 kampuni ya Makita ikatoa randa ya umeme, ya kwanza kutengenezwa Japani. Mbao zikaanza kukatwa kiwandani kwa mashine. Ikaja misumeno ya bamba la kubadilishwa, yenye meno magumu yasiyokubali tupa. Ikiwa butu, bamba linatupwa na kununuliwa jingine. Ni rahisi, tena inakata vizuri. Lakini wale mafundi ambao kazi yao ilikuwa kunoa misumeno wamebaki wachache. Wazee wakafa, na watoto wao hawakujua kutumia masanduku ya vyombo waliyoachiwa. Vyombo vikaenda minadani. Ndipo wakusanyaji walipovikuta, kwanza Wajapani wenyewe, halafu watu wa Marekani na Ulaya. Wengi wa ng'ambo walivifahamu kwa kitabu cha Toshio Odate, fundi aliyezaliwa Tokyo mwaka 1930 akahamia Marekani mwaka 1958, ambaye mwaka 1984 alieleza kwa Kiingereza vyombo vya kwao na namna ya kuvitumia.

Sasa tusikilize mkusanyaji anavyojitetea. Ana maneno matatu, na yote matatu yana uzito.

La kwanza anasema: “Fedha ni yangu na patasi ni yangu.” Ni kweli. Lakini Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alitenga mambo mawili ambayo sisi twapenda kuyachanganya. Kupata mali na kuitunza, mtu aweza kufanya kama mwenyewe. Kuitumia, lakini, hapaswi kuihesabu kuwa ya kwake peke yake, bali awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Basi neno “ni yangu” linajibu swali la kwanza tu. Bado twauliza: yako, kwa matumizi gani?

La pili anasema: “Nisingevinunua mimi, vingeyeyushwa kama vyuma vikuukuu.” Neno hili ni zito zaidi. Katika mji wa Kobe kuna jumba la makumbusho la vyombo vya useremala, la Takenaka, lililofunguliwa mwaka 1984. Sababu ya kulianzisha ni ya kushangaza kidogo. Chombo kibaya kinawekwa kando, na kwa hiyo kinasalia. Chombo kizuri kinatumiwa mpaka kinakwisha. Vile vilivyo bora kabisa ndivyo vilivyo vigumu kuvipata. Kama hakuna anayeweka hata kimoja, wajukuu watajuaje wazee walifika wapi? Tazameni pia habari ya seremala Nishioka Tsunekazu (1908–1995), aliyetengeneza mahekalu ya kale ya Nara. Alitaka uso wa nguzo uchongwe kama zamani, kwa yariganna, chombo chenye umbo la mkuki ambacho maseremala walikuwa wamekiacha kwa karne nyingi. Kwa kutazama mifano ya kale iliyosalia, chombo kile kilifuliwa upya, na mkono wa mtu ukajifunza tena kukitumia. Mifano ile isingewekwa, Nishioka asingekuwa na pa kuanzia.

Hivyo nakubali kwamba kuweka chombo ni jema, tena pengine ni wajibu. Lakini angalieni kwa nini ni jema: kwa sababu mtu alikuja, akaona, akajifunza. Kabati lililofungwa halimfundishi mtu. Anayeweka ili kizazi kingine kione ni mtunzaji. Anayeweka ili jirani yake asiwe nacho ana moyo mwingine, hata kama makabati yao yanafanana.

La tatu anasema: “Mimi nalipa bei kubwa, na mhunzi anakula.” Hapa yatupasa kuuliza, mhunzi yupi? Akinunua kwa mhunzi aliye hai, amesema kweli, naye anastahili shukrani. Lakini wakusanyaji wengi wanatafuta majina ya waliokufa. Fedha ile hailishi jiko la mhunzi yeyote. Inakwenda kwa mchuuzi, tena inawatia wengine tamaa ya kugonga chapa za uongo. Na hata mhunzi aliye hai aweza kudhurika na sifa. Kwa nini? Mhunzi anarekebishwa na maseremala. Wao ndio wanaorudi na kumwambia, “Makali haya yanamomonyoka,” au, “Pua hii imezidi ugumu.” Kama wanunuzi wake wote wanaweka patasi sandukuni, nani atamwambia? Ataanza kufanyia kazi macho, na ufundi utaondoka taratibu naye asijue. Mtu wa kwanza anayekosewa, basi, ni mhunzi mwenyewe, ambaye kazi yake imelipwa lakini haijajibiwa.

Yuko na wa pili, naye ni mnyonge zaidi. Tuseme mjane wa seremala anauza sanduku la marehemu. Kwake ni vyuma tu, tena vinajaza chumba. Mkusanyaji anatazama, anaona chapa, anajua kwamba randa moja pale ina thamani kuliko sanduku zima kwa bei aliyotajiwa. Anyamaze, alipe, aondoke? Wengine watamwita mwerevu. Mimi nasema elimu yake haikumpa ruhusa ya kula haki ya asiyejua. Hakulazimika kumpa mjane faida yote, kwa maana kutafuta na kutambua navyo ni kazi. Lakini alilazimika kumwambia, “Mama, hii si ya bei ya vyuma,” na kumpa bei ambayo mwenye kujua angeikubali. Asipofanya hivyo, kila mara anapofungua kabati anaonyesha wageni mali ya mjane.

Kwa mtu anayetaka kununua vyombo hivi kwa moyo mwema, nina mashauri machache.

Kwanza, anunue kinoo kabla hajanunua patasi ya pili. Kinolewacho hupata, na asiyejua kunoa hawezi kupima chombo chochote.

Pili, chombo kilichotumika akigeuze atazame nyuma. Kutu ya juujuu yaondoka. Kutu iliyochimba mashimo karibu na makali ni hasara. Atazame urefu wa pua uliobaki, maana pua ikiisha chombo kimekwisha. Atafute mpasuko mahali vyuma viwili vilipoungana.

Tatu, asinunue jina. Anunue kwa kazi iliyo mbele yake, na kama mhunzi angali hai, anunue kwake, akitumie, kisha ampelekee habari.

Nne, akiona kwamba mikono yake haitakitumia, akiazime au akiuze kwa bei ya haki kwa anayejifunza. Huko Japani, tangu mwaka 1997, chama kiitwacho Kezuroukai kimekusanya maseremala, wahunzi na wapenda kazi wasio mafundi, washindane kutoa maranda membamba kuliko yote. Mashindano yanaonekana kama mchezo, kwa maana hakuna nyumba inayohitaji maranda ya unene chini ya sehemu kumi za elfu za milimita, mara nyingi membamba kuliko unywele. Lakini pale chombo kimetoka kabatini, mzee amemwonyesha kijana, na mhunzi ameona kwa macho yake alichofanya.

Basi, turudi kwa watu wetu wawili. Seremala hana deni. Mhunzi alimwachia sehemu ya mwisho ya kazi, naye ameifanya mpaka chuma kikaisha. Wala patasi ile haikupotea, imo katika milango na nguzo za nyumba za watu. Mwenye mali naye si mwizi, maana amelipa. Bali deni lake bado lipo. Aweza kulilipa kwa njia nyingi: kuinoa na kuitumia, kuifungulia wanafunzi waione, au kuitoa kwa kijana asiye na fedha. Njia moja tu haimfai, nayo ni kufa na ufunguo wa kabati mfukoni.

Sisi nasi, wasomaji wapenzi, pengine hatuna patasi ya Japani. Lakini nani kati yetu hana kitu kizuri alichokifunika kitambaa: cherehani, kitabu, au ufundi aliofundishwa asiwafundishe wengine? Kila mmoja afungue kwake atazame, na aulize ni nani anayekingojea.