Unafuu wa Safari Hulipwa na Nani?

Mtu mwenye fedha chache anapokusudia kwenda nchi ya mbali, mara nyingi hudhani kwamba swali lililo mbele yake ni la hesabu tu: nauli kiasi gani, malazi kiasi gani, chakula kiasi gani; na kwamba mahali palipo rahisi kuliko pote ndipo pa kwenda. Sisi twaona kwamba swali hilo ni la maadili kwanza, kisha ndipo liwe la hesabu. Kila bei inapopungua, yuko mtu anayeubeba upungufu huo, na msafiri mwadilifu yampasa amjue mtu huyo kabla hajafunga mzigo wake.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi walimu wa Kiswahili wa Uganda. Tuseme walimu wanne wameweka akiba kwa miaka mitatu, nao wataka kwenda Omani katika likizo ya mwisho wa Agosti. Kuichagua nchi hiyo hakuhitaji utetezi mrefu. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alitawala Omani na Unguja pamoja, na watu wa pande hizo mbili walioana na kuhamiana kwa vizazi vingi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Qaboos bin Said kushika utawala wa Omani mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya huko warejee, wengi waliokulia Unguja, Pemba na bara walihamia huko pamoja na lugha yao. Hata leo Kiswahili husikika katika nyumba nyingi za Muscat. Kwa mwalimu wa lugha, hiyo ni sababu ya kutosha.

Lakini Omani ni pana, na fedha yake ni nzito: riali moja ni sawa na dola 2.6 za Marekani. Hapo ndipo mabishano yanapoanza. Wa kwanza ataka Salalah, kusini, ambako tangu mwisho wa Juni hadi Septemba ukungu na manyunyu huivika milima majani mabichi, hali sehemu nyingine za nchi zikiungua kwa jua. Wa pili ataka Nizwa, yenye ngome ya karne ya 17 na mnada wa mifugo wa kila Ijumaa. Wa tatu ataka Sur, bandari ya mafundi wa majahazi. Wa nne ataka kote, siku mbili mbili kila mji, ili nauli ya ndege isiwe imepotea bure.

Hesabu yaweza kuwasaidia kidogo. Kutoka Muscat hadi Salalah ni kilomita 1,000 hivi, yaani nusu ya siku nzima ndani ya basi. Tena msimu wa ukungu ndio ambao wageni kutoka nchi za Ghuba hufurika huko, na vyumba hupanda bei. Kwa hiyo hesabu itawakataza Salalah. Lakini haiwezi kuwaambia la kufanya baada ya hapo, kwa sababu hesabu hutaja kiasi cha malipo, wala haimtaji mlipaji. Nasi twaona kwamba unafuu wa safari una walipaji watatu.

Mlipaji wa kwanza ni aliyebaki nyumbani. Ikiwa akiba ilipatikana kwa kuchelewesha karo ya mtoto au dawa ya mzazi, safari hiyo si nafuu hata kidogo. Ni mkopo uliochukuliwa bila ya idhini ya mkopeshaji.

Mlipaji wa pili ni mwenyeji, naye ndiye asahaulikaye upesi. Msafiri mjanja aweza kukaa wiki mbili katika nyumba za watu kwa nguvu ya salamu tu, kwa kuwa mzee aliyezaliwa Unguja akisikia Kiswahili ugenini hafungi mlango. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji afilisike. Tena wako wanaotuhudumia ambao nao ni wageni: vibarua kutoka Bangladesh, India na Pakistani, wanaofagia vyumba vya bei ya chini na kupika katika mikahawa ya mtaa wa Ruwi. Katika nyumba za watu wamo pia mabinti wa Uganda, waliokwenda kuosha vyombo na kulea watoto wasio wao. Je, twaweza kumpokonya kibarua wa watu nusu riali kwa kubishana, kisha tukasikitika tusikiapo kwamba binti wa kwetu amepunjwa mshahara?

Mlipaji wa tatu ni msafiri mwenyewe, naye ndiye apasaye kulipa. Mwishoni mwa Agosti joto la Muscat huweza kupita nyuzi 40, na kwa sababu hiyo vyumba huwa vitupu na bei hushuka. Unafuu huo haumdhulumu mtu: mwenye chumba hupata mpangaji, nasi twalipa kwa jasho letu. Kadhalika kupanda basi badala ya teksi, kula wali wanaokula vibarua, na kukubali kutoiona miji mitatu ili tuujue mmoja, yote ni malipo yatokayo mfukoni mwetu hata kama si fedha.

Mabaharia wa Sur walilijua jambo hili. Walikuja pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, wakangoja kusi ndipo warudi. Upepo uliwalazimisha kukaa, na katika kukaa huko walijifunza lugha, wakauza, wakanunua, wakaoa. Msafiri wa leo hashurutishwi na upepo. Basi yampasa ajishurutishe mwenyewe.

Atasema mtu: tajiri husafiri apendako bila kuulizwa lolote, mbona mnamtwika masikini mizigo hii ya dhamiri? Hoja hiyo ina uzito. Sisi hatusemi kwamba tajiri amesamehewa, wala hatusemi kwamba mwenye kidogo abaki nyumbani. Twasema tu kwamba aliyewahi kupunguziwa ujira wake ndiye ajuaye vema maumivu yake, na ujuzi huo haufai kuachwa uwanja wa ndege.

Kwa hiyo, tungeulizwa na walimu wale wanne, tungewashauri hivi: wakae Muscat siku zote, isipokuwa siku moja ya kwenda Sur, kilomita 200 hivi, wakaone majahazi. Wapange chumba chao. Wakialikwa, waende na zawadi, na muda wa kuwasomea wajukuu hadithi za Kiswahili ambazo pengine babu zao hawana tena wa kuwasimulia. Watarudi wameona machache, lakini hakuna mtu nyuma yao atakayekuwa amewalipia. Mwenye rai nyingine na ailete, tuipime pamoja.