Stesheni na Nyumba za Chini Yake

Hivi, msomaji mwenzangu, mwenye mali ana haki ya kuivunja mali yake? Usinijibu haraka.

Mjini New York kulikuwa na stesheni ya treni iliyoitwa Pennsylvania Station. Ilifunguliwa mwaka 1910. Nje ilizungukwa na nguzo 84 za mawe, na ukumbi wake wa kungojea uliigwa kutoka mabafu ya kale ya Roma. Hata aliyekuja mjini na kifurushi kimoja cha nguo, akipita humo alijiona mtu.

Baadaye magari na ndege zikawachukua abiria, kampuni ya reli ikawa inakula hasara. Ikauza nafasi ya kujenga juu ya reli zake. Agosti 1962 wasanifu majengo wakaandamana na mabango. Wapi! Tarehe 28 Oktoba 1963 ubomoaji ukaanza. Chini treni zinapita kama kawaida, juu nyundo zinalia. Mawe mengi yakaenda kutupwa kwenye vinamasi vya New Jersey. Watu walilia sana, na mwaka 1965 jiji likatunga sheria ya kulinda majengo ya kale. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitetea sheria hiyo, na stesheni nyingine, Grand Central, ikapona.

Wengi huishia hapo, nami ningeishia hapo kama nisingesoma mwanzo wake. Kiwanja kile hakikuwa pori, bwana. Palikuwa na mtaa, Tenderloin, wenye wakazi wengi weusi. Mamia ya majengo yalinunuliwa, yakabomolewa, stesheni ikapata pa kusimama. Yalinunuliwa, sawa. Lakini mpangaji ana nini cha kuuza?

Kwa hiyo swali langu limegeuka. Je, ni uzuri ndio unaoipa nyumba haki ya kuishi? Maana nguzo zilipata waombolezaji na sheria. Vile vyumba vya kupanga havikupata hata bango.

Nami sina usafi wa kuwasema wenzangu. Nyumba ya shangazi yangu ilipopigwa alama ya X nyekundu, kupisha barabara, nilisema moyoni: si ya mabati yenye kutu tu? Siku ya kubomoa nilikuwa kwetu nasoma riwaya. Shangazi aliokoa mlango. Mpaka leo ameuegemeza ukutani, kwenye chumba anachopanga, na ukimuuliza wa nini anakwambia usiuguse.