Kamusi Iliyomo Mfukoni Mwetu

Somo: Luka 6:43-45



Katika majuma haya ya Kwaresima wengi wetu tumeazimia kuacha kitu fulani. Mwingine ameacha sukari, mwingine nyama, mwingine pombe. Ni vema. Lakini mwezi huu twapenda tutazame jambo lililo karibu na mkono kuliko sahani, nalo ni maneno tunayoyaandika katika simu zetu. Maana siku hizi dhambi ya ulimi haitendwi kwa ulimi peke yake. Vidole navyo vimejifunza kusema.

Kila mwenye simu janja ameliona jambo hili. Uanzapo kuandika, juu ya zile herufi hutokea maneno mawili matatu yakikungojea. Ukiandika "Bwana", huenda simu ikakuletea "Yesu". Ukiligusa hilo, ikakuletea "asifiwe". Watu huona kama kwamba simu inajua mawazo yao. Haijui. Inajua mazoea yao.

Tueleze kidogo. Kibodi, yaani ule ubao wa herufi unaotokea chini ya kioo, huja na kamusi yake ya lugha kutoka kwa watengenezaji. Lakini juu ya kamusi hiyo hujenga nyingine, ya mwenye simu peke yake. Huweka humo majina ya watu wako, jina la kijiji chako, vifupisho vyako, na hata maneno uliyoyaandika kwa makosa. Tena huangalia ni neno gani hupenda kufuata neno gani. Ikiona kwamba kila uandikapo jina la fulani huandika baada yake neno fulani, siku nyingine utakapoandika jina lile, itakuletea neno lile kabla hujaliomba.

Wengi wetu tumesoma habari za Ludwig Krapf, mmisionari wa C.M.S. aliyefika Mombasa mwaka 1844. Alikusanya maneno ya Kiswahili kutoka vinywani mwa wenyeji, nayo kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Ilikuwa kazi ya miaka mingi. Leo kila mmoja wetu anaandikiwa kamusi mfukoni mwake bila taabu yoyote, na maneno yote yaliyoongezwa humo yametoka kwa mtu mmoja tu. Tujiulize: kama kamusi hiyo ingechapishwa, ikawekwa juu ya meza mlangoni pa kanisa pamoja na gazeti hili, ni nani kati yetu angeona raha jirani yake aifungue?

Hapo ndipo somo letu linapotugusa. Bwana wetu alifundisha kwamba mti hutambulikana kwa matunda yake, na kwamba kinywa husema yale yaliyoujaza moyo. Tuangalie kwamba anasema juu ya kujaa. Neno lililopita mara moja si lililojaa. Kibodi nayo haina haraka ya kukuletea neno uliloliandika siku moja tu. Hukuletea lile ulilolirudia. Kwa hiyo hukumu yake, ingawa ni chombo tu kisicho na roho, yapasa kusikilizwa.

Mkristo mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alitujia na simu yake. Ametupa ruhusa tulisimulie jambo lake bila kumtaja. Yeye na kaka yake wamegombania shamba la marehemu baba yao kwa miaka mingi. Jioni moja alikuwa akiandika ujumbe kwa ndugu zake wengine juu ya harusi ya ukoo, na mjukuu wake, aliye darasa la tatu, ameketi kando akimsaidia kutafuta herufi. Alipoandika jina la kaka yake, simu ikaleta neno moja: "mwizi". Mtoto akalisoma kwa sauti, kama tunavyowafundisha watoto kusoma kila wanachokiona. Kisha akauliza, "Babu, kwani babu mkubwa ni mwizi?"

Mzee alitaka tumfundishe jinsi ya kulifuta neno lile. Tulimwonyesha. Katika kibodi yake yatosha kuligandamiza neno kwa kidole, kulishikilia, na kulivuta mpaka kwenye alama ya pipa la taka. Kazi yenyewe haikufika nusu dakika. Lakini alipomaliza alibaki ameishika simu, hasemi neno. Katika kioo neno halikuwapo tena. Kwa mtoto lilikuwapo bado.

Kwa kuwa wengine wametuuliza pia, tutaje njia ya kufuta yote kwa pamoja. Wenye kibodi ya Google iitwayo Gboard wafungue mipangilio ya kibodi hiyo, waingie sehemu ya faragha, na humo watafute mahali pa kufuta maneno ambayo kibodi imejifunza. Simu itaonyesha tarakimu chache na kumtaka mtu aziandike, ili ihakikishe kwamba amekusudia. Wenye iPhone wafungue mipangilio, waingie sehemu ya jumla, washuke mpaka mahali pa kuweka simu upya, kisha wachague kamusi ya kibodi peke yake. Wawe waangalifu wasichague kufuta simu nzima. Kibodi ya Samsung nayo ina mahali kama hapo ndani ya mipangilio yake. Na ikiwa uliongeza maneno kwa mkono wako katika kamusi binafsi ya simu, yakague hapo penyewe uyaondoe. Kama uliweka humo namba ya siri ya benki au ya kutumia fedha ili usiisahau, iondoe leo. Hapo si mahali pake.

Haya ni ya simu. Sasa tutazame ya roho, nayo ni mambo matatu.

La kwanza: neno lililopendekezwa si neno lililotumwa. Simu yaweza kukuletea neno baya, hata neno ambalo hukupata kuliandika, maana nyingine hutoka katika kamusi ile ya watengenezaji. Kuliona si dhambi. Dhambi iko katika kuligusa na kulipeleka. Wapo Wakristo wema wanaoteswa sana kwa sababu wazo ovu limewajia wakiwa katika sala, wakadhani wamekwisha kuanguka. Wasikate tamaa. Bwana wetu mwenyewe aliletewa maneno na mwovu jangwani, hata maneno ya Maandiko, naye akayakataa. Kujaribiwa ni kuletewa neno. Kuanguka ni kulikubali. Lakini tusiifanye faraja hii kuwa maficho. Ikiwa neno lile lile linatujia kila siku juu ya mtu yule yule, yatupasa tuulize nani alilifundisha njia.

La pili: kufuta kamusi hakufuti ujumbe uliokwisha kufika. Hili ndilo watu wengi hulisahau. Waweza kusafisha kibodi yako ikawa kama siku ilipotoka dukani, na bado yale uliyomwandikia mwenzako yamo katika simu yake, tena huenda ameyasoma mara kumi usiku. Ndivyo ilivyo na toba isiyomfikia aliyekosewa. Tunapiga magoti, tunaungama pamoja na mkutano wote kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, tunasikia maondoleo, tunarudi nyumbani tumefarijika. Mungu ni mwaminifu, naye husamehe kweli. Lakini jirani hajasikia kitu. Zakayo hakutosheka kumkaribisha Bwana nyumbani. Alisimama akaahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Deni la maneno hulipwa kwa maneno, nalo hulipwa kwa yule tuliyelikopa kwake.

Mzee yule alilielewa jambo hili kabla hatujamaliza kulisema. Jioni ile ile alimwita mjukuu wake akamwambia, "Babu yako mkubwa si mwizi. Mimi ndimi niliyeandika hivyo, nami nilikosa." Alituambia kwamba kumwomba radhi mtoto wa darasa la tatu kulikuwa kugumu kuliko kusimama mbele ya baraza la ardhi. Tunamwamini.

La tatu, nalo ndilo kubwa: kibodi iliyofutwa haibaki tupu. Tangu ujumbe wa kwanza utakaouandika baada ya kufuta, huanza kujifunza tena. Ukiendelea na maneno yale yale, baada ya muda si mrefu kamusi ile ile itakuwa imerudi, na mapendekezo yale yale yatakungojea. Sisi tuliokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu tuliwaambia walimu wanafunzi kila mwaka kwamba hakuna darasa lisilojifunza. Mwalimu asipofundisha lililo jema, watoto watajifunza kutokuwapo kwake. Bwana Yesu aliieleza hatari hii alipotoa mfano wa pepo aliyemtoka mtu, kisha akairudia nyumba yake, akaikuta imefagiliwa na kupambwa lakini haina mwenyeji. Akaenda akawaleta wengine saba wabaya kuliko yeye. Kosa la nyumba ile halikuwa uchafu. Ilikuwa safi sana. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuna aliyekaa ndani.

Kwa hiyo Kwaresima ya kuacha tu haitoshi. Anayeacha matusi aanze kubariki. Anayeacha kueneza habari za watu katika makundi ya simu aanze kuwaulizia hali. Anayeacha kuandika "niko njiani" naye bado yuko kitandani aanze kuandika ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni "samahani, nimechelewa." Ni maneno madogo, lakini simu na moyo havijifunzi kwa hotuba kubwa, vinajifunza kwa marudio. Petro alimkana Bwana wake mara tatu kwa maneno ya kinywa chake. Baada ya ufufuo, kando ya ziwa, Bwana hakumwambia tu kwamba yamekwisha. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, naye Petro akajibu mara tatu. Kila neno la kukana likapata neno la upendo la kukalia mahali pake.

Mzee wetu aliendelea. Jumapili baada ya ibada aliketi chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa, akamwandikia kaka yake. Alifuta, akaandika, akafuta tena. Mwishowe alipeleka maneno machache tu: "Shikamoo kaka. Mko salama hapo nyumbani?" Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu ikaja, "Marahaba. Tu wazima. Na ninyi?" Tusiwadanganye wasomaji: shauri la shamba halijaisha, na huenda mpaka ule ukahitaji kuamuliwa na watu wengine. Lakini tangu siku ile amekuwa akimwamkia kaka yake kila Jumapili, na kwa amkio hilo kibodi imepata neno jingine la kujifunza juu ya jina lile.

Mwanzoni mwa Ushirika Mtakatifu tunasali sala fupi ambayo imekuwamo katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza tangu mwaka 1549. Ndani yake tunakiri kwamba mbele za Mungu hakuna moyo uliofungwa wala siri iliyofichika, na tunaomba Roho Mtakatifu ayasafishe mawazo yetu ili tupate kumpenda inavyostahili. Tuiangalie vizuri sala hii. Haiishii katika kusafishwa. Tunaomba kusafishwa ili tupende. Anayesafisha ndiye anayeingia kukaa, naye hukuta kwetu mengi zaidi ya yale ambayo simu iliweza kuyakusanya, wala hageuki akaondoka.

Basi, wapendwa, juma hili tufanye mambo mawili. Tufungue simu zetu tutazame maneno zinayotuletea tunapoandika majina ya watu wa nyumbani kwetu, na yale mabaya tuyafute. Kisha, kabla jua la siku hiyo halijachwa, tumwandikie mmoja kati ya watu hao neno jema ambalo hatujamwandikia kwa muda mrefu. Asiye na simu ya namna hiyo hakosi nafasi. Ana miguu, na mlango wa jirani haudai salio.

Bwana aulinde mlango wa vinywa vyetu na ncha za vidole vyetu, aitimize kazi ya toba aliyoianza ndani yetu, na kutufikisha katika Pasaka tukiwa na maneno mapya. Amina.