Amana ya Watu wa Ziwa Erie

Machi 2002, mafundi waliokuwa wakitengeneza kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, ukingoni mwa Ziwa Erie jimboni Ohio, Marekani, walikuta kifuniko chake kimeliwa. Asidi ya boriki iliyovuja taratibu kwa miaka ilikuwa imetafuna chuma chenye unene wa sentimita 17 hivi. Maji yenye shinikizo la mara 150 hivi ya lile la hewa ya kawaida yalizuiwa na utando wa chuma cha pua usiofika sentimita moja, nao ulikwisha kuanza kuvimba.

Ajali haikutokea. Basi mtu aliyeweka roho za wenzake rehani bila wao kujua, mambo yakaisha salama, ana kosa gani?

Maafisa wa Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani walikuwa na wasiwasi tangu 2001, nyufa zilipoonekana kwenye vinu vingine vya aina hiyo. Waliandaa hata amri ya kuzima Davis-Besse kabla mwaka haujaisha. Kampuni iliyokiendesha ikaomba iachwe hadi mwisho wa Machi, wakati wa kubadilisha fueli. Pande mbili zikapatana kwamba kizimwe Februari 16, 2002. Baadaye inspekta mkuu wa tume hiyo aliandika kwamba uamuzi ule ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na nia ya kuipunguzia kampuni hasara. Na picha ilikuwepo, ya mwaka 2000: michirizi myekundu ya kutu ikiteremka kwenye kifuniko.

Wapo watakaosema hakuna mtambo usio na hatari, na kuzima umeme nako kuna gharama. Sawa. Ila sheria ya Kiislamu humhesabu aliyetumia amana bila idhini kuwa amekosa, hata akiirudisha nzima. Wiki zile saba za ziada zilikuwa faida ya kampuni; hatari ilikuwa ya watu wa ukingoni mwa ziwa, ambao hakuna aliyewauliza. Mdhibiti aligawa kisicho chake, na usalama uliofuata haumsafishi.

Kinu kiliwashwa tena Machi 2004. Mwaka uliofuata tume iliitoza kampuni faini ya dola milioni 5.45, na mwaka 2015 ikakirefushia leseni hadi 2037.