Ni Nani Aliyeliua Bwawa?

Hapa kwetu Ipuli, jua la Septemba linapokuwa kali na vijito vimekwisha kukauka, watoto wa shule hupenda sana kusikia habari za maji. Siku moja niliwaonyesha picha ya zamani ya bwawa lililoko Nairobi, katika nchi ya Kenya. Juu ya maji zilionekana mashua ndogo zenye matanga meupe, na ndani yake hamkuwa na samaki, wala wavu, wala mzigo wo wote. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, watu hawa wanakwenda wapi?" Nikamjibu, "Hawaendi po pote. Huzunguka maboya, kisha hurudi pale walipotoka." Wote wakacheka. Lakini msichana mmoja aliyeketi nyuma hakucheka, akauliza, "Na bwawa hilo, Mwalimu, liko hata leo?" Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Hili la pili limenikaa moyoni, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953, kwa kuuzuia mto utokao upande wa Ngong. Eneo lake lilikuwa kadiri ya hekta 35, nalo lilikusudiwa kuwa akiba ya maji ya kunywa ya mji, kama mtu mwenye busara awekavyo mtama ghalani. Kisha watu wapendao kusafiri kwa tanga wakafanya chama chao kidogo ukingoni pake, na kwa miaka mingi, katika siku za mapumziko, matanga yao yalionekana juu ya maji hayo.

Yafaa tuujue mchezo huo kabla ya kuuhukumu. Mashua haiwezi kuuendea upepo uso kwa uso. Sharti ibishe, kama wasemavyo mabaharia wa pwani, yaani iende mshazari upande mmoja, kisha igeuke iende mshazari upande wa pili, mpaka ifike itakako. Chini yake una ubao ushukao majini ili isisukumwe kando. Tena mashindano hayo yana sheria. Mashua mbili zikikutana, ile ipatayo upepo kwa upande wa kushoto huipisha ile ipatayo upepo kwa upande wa kuume. Na mtu akigusa boya wakati wa kulizunguka, hutakiwa aigeuze mashua yake duara zima papo hapo, huku wenzake wakimpita, ndipo aendelee. Hangoji mwamuzi apige filimbi. Pengine hakuna aliyemwona ila yeye mwenyewe, lakini ajua kwamba amegusa, basi huzunguka.

Mimi sisemi kwamba mchezo wa namna hii ni upuzi. Mtu aliyezoea kujihukumu mbele ya boya amejifunza jambo kubwa, hata kama hakwenda po pote.

Sasa nimjibu yule msichana. Bwawa lingaliko kwa jina, lakini maji yake yameharibika. Mto ulioliletea maji uliendelea kuliletea pia taka, na tope, na maji machafu ya nyumba zilizokuwa zikiongezeka juu yake. Kandokando yake upo mtaa wa Kibera, ambamo watu wengi mno waliishi bila vyoo vya kutosha na bila mifereji ya kuchukua uchafu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yakaja magugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, wenye maua mazuri ya rangi ya zambarau, unaositawi sana katika maji yaliyojaa uchafu. Yakatanda mpaka maji hayakuonekana. Mashua yenye ubao chini yake haiwezi kupita katika magugu. Matanga yakaondoka. Mara kadha wa kadha watu wema walijitolea kuyang'oa, nayo yakarudi, kwa kuwa chakula chake kilikuwa kikishuka na mto kila siku. Mahali pengine palipokuwa na maji, watu wakapanda mboga.

Basi ni nani aliyeliua bwawa? Tumwite shahidi mmoja mmoja. Mama wa Kibera atasema, "Mimi nilimwaga karai moja la maji machafu, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine." Fundi atasema, "Chupa yangu ya mafuta ilikuwa ndogo." Mwenye nyumba za kupangisha atasema, "Hakuna aliyeniamuru nijenge vyoo." Mkubwa wa mji atasema, "Fedha hazikutosha, na aliyenitangulia hakufanya neno." Mwenye mashua naye atasema, "Mimi sikutupa kitu; nilikuwa nikicheza tu." Na kila mmoja wao amesema kweli, au karibu na kweli! Bwawa limekufa, na muuaji hapatikani. Ndivyo ilivyokuwa tangu bustani ya kwanza, Adamu akimwonyesha mkewe, na mkewe akimwonyesha nyoka. Ndivyo alivyofanya Pilato pia, alipoagiza maji anawe mikono.

Hapo ndipo penye fumbo. Je, yaweza kuwapo dhambi isiyo na mwenyewe? Ikiwa sehemu yangu ni ndogo hata bwawa lisingeona tofauti kama nisingalifanya, nitasemaje kwamba nimekosa?

Sisi watu wa Unyanyembe tusishindwe na fumbo hili, kwa maana babu zetu walilifumbua kwa mabega yao. Katika njia ile kuu ya misafara, kutoka Ujiji kupita Tabora mpaka Bagamoyo, wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kwa mamia ya maili. Hakuna hata mmoja aliyeuchukua msafara mzima. Kila mtu alikuwa na mzigo wake begani. Lakini walipofika, je, yuko mpagazi aliyekataa ujira wake kwa kusema, "Mimi sikufikisha msafara, nilichukua mzigo mmoja tu"? Hakuna. Kila mmoja alijua kwamba kazi ya wote ilikuwa kazi yake, kwa kadiri ya mzigo wake, akanyosha mkono apokee. Basi ikiwa sifa na ujira hugawanyika kwa wengi wala havipotei, hatia nayo hugawanyika wala haipotei. Tusiwe watu wa kunyosha mkono siku ya malipo na kuuficha siku ya hesabu. Twapenda kuwaambia watoto kwamba haba na haba hujaza kibaba, tukifikiri habari za akiba. Twasahau kwamba methali hiyo haichagui kitu: tope nalo hujaza haba na haba.

Walakini mizigo haikuwa sawa, wala hatia si sawa. Kirangozi aliyetangulia msafara huenda alichukua mzigo mwepesi kuliko wenzake, lakini akiipotea njia, wote walipotea pamoja naye. Vivyo hivyo yule mama mwenye karai, asiye na choo, hawezi kuhesabiwa sawa na mtu aliyekuwa na uwezo wa kujenga vyoo akaacha. Aliyejua zaidi na kuweza zaidi atadaiwa zaidi. Na mwenye mashua? Yeye hakuchafua, lakini alifurahi. Nami naona kwamba furaha nayo ina deni lake. Mwenye kiu hulikumbuka bwawa kila siku kwa sababu ya kiu yake. Mwenye kucheza hulikumbuka siku ya mchezo tu. Wale watu walikuwa na sheria njema ya kupishana juu ya maji. Ila kwa habari ya mto uliotoka juu, kati yao na jirani zao hapakuwa na sheria ya namna hiyo, na huko ndiko mauti yalikotoka.

Msomaji wangu atasema, "Hayo ni ya Nairobi." La, ndugu yangu. Mji wetu wa Tabora umenyweshwa miaka mingi na mabwawa ya Igombe na Kazima. Miti ya nchi yetu hukatwa kwa mkaa, na kwa kuni za kukaushia tumbaku, na ardhi iliyo tupu huchukuliwa na mvua ya kwanza mpaka mabondeni. Wengine husema, "Sasa maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa mabomba, mabwawa ya nini tena?" Nami nawajibu kwamba ziwa lile lenyewe liliingiwa na magugu hayo hayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliye chini siku zote hunywa alichomwachia aliye juu.

Wala sina ruhusa ya kuwafundisha wengine kabla ya kujisema mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa na bustani ya mboga kando ya kijito. Nilikata miti ya ukingoni ili nipate matuta matatu zaidi. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Mwalimu, ukingo huo utaangukia majini." Nikamjibu kwa heshima, "Shikamoo, Mzee, ni miti minne tu." Masika yaliyofuata ukingo ulianguka, pamoja na matuta yangu, na udongo wake ulikwenda nisikojua. Yule mzee hakunikumbusha neno hata mara moja. Ndipo nilipoona aibu.

Nimepanda miti minane mahali pale, nami nimesogeza matuta yangu mbali na maji. Hayo hayatalijaza bwawa lo lote, najua. Hata yule mwenye mashua aliyegusa boya, akizunguka duara lake, hasaidii mashua yake kufika, humchelewesha. Lakini anapomaliza kuzunguka amekuwa tena mtu wa kweli katika mashindano yake. Na chama ambacho kila mtu huzunguka mwenyewe, pasipo kungoja kuonwa, hakina haja ya waamuzi wengi.

Basi, wapenzi, jioni hii tunapozichunguza dhamiri zetu kabla ya kulala, tusiulize tu kama tumeua au kuiba. Tuulize pia, "Leo nimegusa nini, ambacho hakuna aliyeniona nikikigusa?" Na tukikiona, tusingoje filimbi.