Risasi Ikienda Kando, Kosa ni la Nani?

Anayeanza kujifunza kulenga shabaha kwa bunduki hukutana mapema na swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 2,000. Risasi imekwenda kando. Je, ulaumiwe mkono, ilaumiwe bunduki, au ulaumiwe upepo?

Mafundi wa bunduki wana jibu la sehemu moja ya swali hilo: wanauacha mtutu uelee. Katika bunduki nyingi za zamani mtutu hulala ndani ya mfereji uliochongwa kwenye ubao wa mbele, chuma kikigusana na mti. Mti nao hautulii. Ukinyonya unyevu huvimba, ukikauka hujipinda, na msukumo wake juu ya mtutu hubadilika bila mpigaji kujua. Mtutu wenyewe hutetemeka kila risasi inapopita ndani yake, na ukipata moto hutanuka. Ukiguswa hapa leo na pale kesho, mtetemeko hubadilika, na risasi hutoka ikielekea kwingine. Hata mkanda uliokazwa mkononi waweza kuuvuta ubao mpaka ukausukuma mtutu. Kwa hiyo fundi hupanua mfereji ili mtutu usiguse kitu chochote, kuanzia karibu na pale ulipokazwa kwenye mwili wa bunduki hadi mdomoni. Kuukagua ni rahisi: ikishahakikishwa kwamba bunduki haina risasi, kipande cha karatasi hupitishwa kati ya chuma na ubao. Kikiteleza bila kukwama hadi karibu na chemba, mtutu unaelea.

Kazi hiyo haimgeuzi mtu kuwa mlengaji hodari. Inamwondolea sababu moja ya kukosa, ili zilizobaki aweze kuzikabili kwa haki. Kidole kilichofyatua kwa pupa, pumzi isiyotulizwa, jicho lililofumba kabla ya mlio: hayo ni yake, na hana tena ubao wa kuusingizia.

Wanafalsafa wa Kistoa walilifundisha jambo hilihili kwa mfano wa mlengaji. Katika kitabu alichokiandika mwaka 45 kabla ya Kristo kuhusu upeo wa mema na mabaya, Cicero, mwandishi wa Kirumi, anampa Cato, mtetezi wa Ustoa, nafasi ya kueleza kwamba mtu anayelenga kwa mshale au mkuki hufanya kila awezalo ili alenge sawasawa, na huko kufanya kila awezalo ndiko mwisho wa juhudi yake. Kuipata shabaha ni jambo linalofaa kuchaguliwa, lakini hadhi ya mlengaji haikutundikwa hapo. Zaidi ya karne moja baadaye Epiktetos, aliyezaliwa mtumwa, alijenga mafundisho yake yote juu ya mgawanyo huo: yapo yaliyo mikononi mwetu, na yapo yasiyokuwamo. Aliyesoma madrasa atakumbuka funzo la namna hiyo katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Michezo ya Olimpiki, Athens, Agosti 2004. Mmarekani Matthew Emmons alikuwa tayari ameshinda dhahabu ya kulenga kwa kulala kifudifudi, tena kwa bunduki ya kuazima, kwa kuwa yake ilikuwa imehujumiwa miezi michache kabla. Katika fainali ya mikao mitatu, umbali wa mita 50, ambako duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, aliongoza kwa alama tatu huku ikiwa imebaki risasi moja. Alama 7.2 zingemtosha. Akalenga, akafyatua, akapiga shabaha ya jirani yake. Alipewa sifuri, akashuka hadi nafasi ya nane, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China.

Hakuna fundi ambaye angeweza kuizuia sifuri ile. Bunduki ilipoharibiwa na mkono wa mwingine, Emmons alishinda. Bunduki ilipokuwa nzima, kosa lilikuwa lake peke yake. Anayezichanganya hali hizi mbili atajilaumu bure siku moja na kujisamehe bure siku nyingine, na kote kuwili hatajifunza kitu.

Hata hivyo, kutoguswa si wema kwa nafsi yake. Bunduki ya Lee-Enfield Namba 4, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, iliundwa kwa makusudi ili ubao uusukume mtutu kwenda juu karibu na mdomo, kwa nguvu ya ratili kadhaa. Toleo lake lenye darubini lilibebwa na wadunguzi, nalo lilisifika kwa usahihi. Msukumo ulikuwapo, ila ulikuwa uleule kila risasi. Zeno, mwasisi wa Ustoa, alisema kwamba lengo la maisha ni kuishi kwa upatanifu. Mtutu unaoelea ni njia moja tu ya kuupata upatanifu huo.

Basi anayeanza asikimbilie msasa ili kuupanua mfereji. Apige kwanza risasi za aina moja, katika mkao mmoja, mbele ya mwalimu, na aandike daftarini kila alichohisi kidoleni na pumzini kabla ya kwenda kuangalia karatasi ya shabaha. Matundu yakiendelea kuhamahama ilhali mkono umetulia, bunduki ipelekwe kwa fundi mwenye leseni.