Jinamizi na Ushahidi wa Macho

Kukabwa na jinamizi ni hali ya mtu kuzinduka, au kuwa ndiyo kwanza anapitiwa na usingizi, akajikuta ana fahamu zake zote ilhali mwili haumtii. Macho yanaona dari na chandarua, masikio yanasikia feni ikizunguka, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Mara nyingi haliji peke yake. Huja na hakika kwamba kuna mtu chumbani, kivuli kilichosimama karibu na mlango, uzito unaopanda kifuani, pumzi inayobana. Baada ya sekunde kadhaa, au dakika chache ikizidi sana, kila kitu hukatika ghafla, na aliyelala hubaki ameketi kitandani akihema. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba takribani watu 8 kati ya 100 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi, watu wa kukesha na kulala ovyo, idadi ilifika 28 kati ya 100.

Katika nyumba nyingi za Waswahili jibu lipo kabla ya swali. Ni jini mahaba, ni wanga, kuna mtu katumwa. Kwenye makanisa ya maombezi hutajwa nguvu za giza na hukemewa kwa jina la Yesu. Kwingine hufukizwa ubani, huandikwa kombe, huvaliwa hirizi. Mtu wa hospitali naye ana jibu lake, na analitoa kwa haraka ileile. Kati ya majibu hayo mawili limekaa swali zito kuliko yote mawili: yule aliyeona kwa macho yake, tena akiwa macho, ameona nini?

Upande wa mwili wa jambo hili sasa unajulikana vizuri. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo mboni huhangaika chini ya kope, na ndivyo vipindi vya ndoto nzito. Miaka michache baadaye Michel Jouvet, akichunguza paka huko Lyon, Ufaransa, alionyesha kwamba katika vipindi hivyo misuli hulegezwa kabisa. Ubongo hupeleka kwenye uti wa mgongo amri ya kuizima, kwa kutumia kemikali kama glaisini na GABA. Bila amri hiyo, anayeota anakimbizwa angeinuka na kukimbia kweli, akagonga ukuta. Kukabwa hutokea pale fahamu zinaporudi kabla amri haijaondolewa. Mwenye nyumba kaamka, komeo bado halijafunguliwa.

Hata ule uzito wa kifuani una maelezo, na ni maelezo mazuri. Katika usingizi wa ndoto kazi ya kupumua huachiwa kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, huku misuli ya mbavu ikiwa imelegea. Kiwambo peke yake kinatosha kabisa kumweka mtu hai. Lakini aliyezinduka kwa hofu anataka kuvuta pumzi ndefu kwa kifua kizima, na kifua hakiitiki. Jitihada inayogonga mwamba namna hiyo huhisiwa kama kitu kilichokalia mbavu. Kadiri anavyoshindana ndivyo kinavyozidi kuwa kizito. Wakati huohuo amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na hofu, iko katika shughuli kubwa kama ilivyo kawaida yake wakati wa ndoto.

Mgeni wa chumbani ni kitendawili kigumu zaidi, ingawa nacho kimeguswa. Mwaka 2006 madaktari nchini Uswisi, wakimpima mwanamke mwenye kifafa kabla ya upasuaji, walipitisha umeme kidogo upande wa kushoto wa ubongo wake, mahali ambapo hisia za mwili huunganishwa kuwa mwili mmoja unaojulikana kuwa ni wa mtu mwenyewe. Papo hapo akahisi mtu nyuma yake, kivuli kisichosema, kinachokaa anavyokaa na kulala anavyolala. Umeme ulipokatwa, kivuli kikaondoka. Yaelekea basi ubongo ukipotewa na mipaka ya mwili wake mwenyewe huweza kuuona mwili huo kama mtu wa pili.

Hapa ndipo wanafalsafa wanapohusika. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha kujinasua na upotovu alieleza namna alivyotilia shaka hisia zake: usingizini mtu huamini mambo kwa uthabiti, kisha akiamka hugundua hayakuwa na msingi, basi ni nini kinachomhakikishia kwamba kuwa macho kwenyewe si usingizi wa aina nyingine? Descartes alilileta swali la namna hiyo Ulaya mwaka 1641. Hoja yao inasimama juu ya mpaka mmoja, kwamba kuamka ndiko kunakoiumbua ndoto. Jinamizi linaubomoa mpaka huo. Aliyekabwa ameshaamka, dari ni dari kweli, chandarua ni chandarua kweli, na kile kivuli cha mlangoni kimesimama ndani ya picha hiyohiyo, kikiwa na uzito uleule wa kuaminika. Kweli na ndoto zimeingia kwa mlango mmoja, na hakuna kuamka kwa pili kunakoweza kuzitenganisha.

Matokeo yake kwa suala la ushahidi ni makubwa. Anayesimulia kwamba alimwona mtu chumbani si mwongo, na kumwambia kwamba "alikuwa anaota tu" ni kumdhulumu, maana anajua fika kwamba alikuwa macho. Lakini ukweli wa msimulizi hauthibitishi ukweli wa alichokiona. Dini zenyewe zimelijali jambo hili kuliko wafuasi wake wanavyodhani. Katika Uislamu, kwa mujibu wa hadithi mashuhuri, kalamu imeinuliwa kwa aliyelala mpaka aamke, na fiqhi ina kaida kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kaida hizo ziliwekwa kwa mambo ya wajibu na ibada. Hata hivyo, mtu ambaye usingizi haujamtoka vizuri kiasi cha kushindwa kuinua kidole ni shahidi dhaifu dhidi ya jirani yake.

Wala kutafuta sababu ndani ya mwili si uasi ulioletwa na wazungu. Ibn Sina, katika Kanuni ya Tiba, aliliweka jinamizi, kwa Kiarabu kabusi, miongoni mwa maradhi ya kichwa, akalihusisha na mvuke unaopanda kuelekea kwenye ubongo. Alikosea kuhusu mvuke, lakini alikuwa ameshauliza swali la kitabibu miaka elfu moja iliyopita. Kwa upande wa Wakristo, Augustino, aliyekutana na habari nyingi za mapepo yanayowaendea watu usiku, alisema ni nyingi mno kuzikana, ila hakuthubutu kukata shauri juu ya hali ya mapepo hayo. Tahadhari ya namna hiyo imekuwa adimu siku hizi, mimbarini na maabarani vilevile.

Je, maelezo ya ubongo yanafuta ya roho? Mwanafalsafa William James, mwaka 1902, alionya dhidi ya wanaodhani kwamba ukishataja kiungo kilichosababisha hisia ya kidini umeshaivunja thamani yake. Onyo lake ni la haki. Muumini anaweza kusema kwamba Mungu, au hata jini, hutumia njia za mwili, na hakuna kipimo cha hospitali kitakachomkatalia. Sura ya Az-Zumar, aya ya 42, inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua nafsi wakati wa usingizi kama azichukuavyo wakati wa mauti, kisha huzirudisha zile ambazo muda wake wa kufa haujafika. Anayeisoma aya hiyo pamoja na habari za glaisini halazimiki kuacha kimojawapo. Ila ngao ya James ina ukubwa wake. Inakinga maana ya tukio kwa aliyelipata. Haikingi madai kwamba fulani wa nyumba ya pili ndiye aliyekuja usiku, kwa kuwa hayo ni madai juu ya mtu wa watu, na yanadai ushahidi kama madai mengine yoyote.

Imani, hata hivyo, si pambo lililobandikwa juu ya tukio. David Hufford, aliyechunguza jinamizi katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1982 kwamba hata watu wasiowahi kusikia hadithi za "kizee" wa usiku walisimulia mambo yaleyale: nyayo, kivuli, uzito. Kumbe mila haizai jinamizi. Lakini inalilea. Utafiti wa Baland Jalal na Devon Hinton uliolinganisha Misri na Denmark uliwakuta Wamisri, ambao wengi huliita kazi ya majini, wakipatwa mara nyingi zaidi, wakikabwa kwa muda mrefu zaidi na wakiogopa kufa zaidi ya Wadenmark. Hofu huvunja usingizi, usingizi uliovunjika huleta jinamizi, na jinamizi huithibitisha hofu.

Zanzibar ilishuhudia jambo hilo kwa ukubwa wa visiwa vizima. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, habari za Popobawa zilianzia Pemba na kuvuka hadi Unguja. Watu walisimulia kiumbe kinachoingia usiku, kinachowalemaza na kuwaingilia, kisha kuwaamuru watangaze la sivyo kitarudi. Familia zilihama vyumba zikalala nje kwa makundi, moto ukiwaka. Si kila simulizi ya msimu ule inaelezeka kwa jinamizi, na siasa ilikuwa na sehemu yake. Lakini mwili usioweza kusogea, uzito na kiumbe kitandani ni alama zinazojulikana, na kukesha usiku baada ya usiku ndiyo njia fupi ya kuzialika tena. Mjini Zanzibar umati ulimuua kijana mgonjwa wa akili aliyetoka bara kuja kutafuta tiba, ukidai ndiye Popobawa. Hicho ndicho kipimo cha uzito wa swali la ushahidi wa macho.

Katika kukabiliana na jinamizi, mafundisho ya zamani na ya sasa yanakaribiana kwa namna inayoshangaza. Jinamizi hupenda waliolala chali. Mtume alifundisha kulala kwa ubavu wa kulia, na aliyeota ndoto mbaya akaagizwa ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na ageukie upande mwingine. Ayatul Kursiyyu au zaburi kabla ya kulala humpa mtu moyo uliotulia. 

Jinamizi linapomkuta mtu, kosa la kwanza ni kupambana. Kujaribu kuinuka kwa nguvu au kupiga kelele huongeza kubanwa. Afadhali ajikumbushe kwamba hali hii inapita na haiui, aache kiwambo kifanye kazi yake, aelekeze moyo kwenye jambo moja la heri, dua au uso wa mtu ampendaye, na aulegeze mwili badala ya kuushurutisha. Jalal amependekeza utaratibu unaofanana na huo, na majaribio madogo yameonyesha dalili nzuri. Macho husogea hata mwili ukiwa umefungwa, kwa hiyo wengine huyazungusha. Wengine huelekeza nia yao kwenye ncha ya kidole kimoja cha mguu. Mwenzi wa kitandani akiona mboni zinahangaika na pumzi fupi fupi, amguse tu, maana mguso mara nyingi hulikata.

Mchana ndipo kinga ilipo: kulala na kuamka saa zilezile, kupata saa saba au zaidi, kupunguza pombe na kahawa za usiku. Walinzi, wauguzi na madereva wa zamu wamo hatarini zaidi, na waajiri wao wanapaswa kulijua hilo.

Kukabwa mara mojamoja hakuhitaji daktari. Lakini anayesinzia mchana bila kujizuia, au ambaye magoti humlegea ghafla akicheka au akikasirika, huenda ana ugonjwa wa usingizi uitwao nakolepsia. Anayekoroma kwa nguvu na kukatikiwa na pumzi usingizini ana tatizo jingine linalotibika. Hao waende hospitali wakaeleze dalili zote, pamoja na kile walichokiona chumbani, bila kuona haya.